Kimya Kilichokwenda Mirihi

Mwalimu Kaduma aliuliza swali lake kama mtu anayeuliza nani anataka chai. Nani kati yao yuko tayari kutoa unasihi kwa njia ya mawimbi, kwa watu walioko Mirihi?

Mikono ikapanda. Darasa zima la mwaka wa pili wa Chuo cha Unasihi, pale Njombe, lilikuwa na mikono hewani, na wengine walipandisha yote miwili kama watoto waliobanwa na mkojo. Mkono mmoja tu ulibaki mezani, nao ulikuwa wa Lusungu Kiswaga.

"Kiswaga," mwalimu akasema. "Una jipu kwapani?"

Darasa likacheka.

"Sina, mwalimu. Sitaki tu."

"Hutaki nini? Watu wetu wako kule wanachimba barafu, wanaumwa mioyo kama sisi. Nani awaponye?"

"Sijui. Lakini mtu akifiwa mimi namwendea. Nakaa chini. Ananiona nimekuja. Sasa huko nitakaa wapi?"

"Utakaa ndani ya kivuli chako, dada," Festo Sanga akadakia kutoka nyuma. "Changu kinakaa vizuri kuliko mimi. Hakisinzii."

Wakacheka tena. Lusungu hakucheka.

Kila mwanafunzi alikuwa na kivuli chake. Kutoka Njombe mpaka Mirihi sauti ilikuwa inachukua robo saa na ushei kufika, hata ikibebwa na mwendo wa mwanga wenyewe, na jibu linachukua muda uleule kurudi. Huwezi kumtuliza mtu kwa mwendo huo. Unamwambia pole, anakujibu wakati umeshakwenda chooni na kurudi. Kwa hiyo chuo kilikuwa kinamrekodi mwanafunzi tangu siku anaingia, anavyosema, anavyokohoa, anavyokuna pua, kisha kinatengeneza mfano wake na kuutuma ukakae ndani ya mitambo ya kambi kule juu. Mtu mwenye shida akiwasha skrini anamkuta mnasihi, anaongea naye papo hapo. Mnasihi mwenyewe yuko Njombe anamenya viazi.

Lusungu alionyeshwa chake mara moja tu. Kilimsalimia kwa sauti yake, kikainamisha kichwa upande wa kushoto kama yeye, kikasubiri. Nywele zilimsimama. Alimwona mtu aliyejua kila kitu chake, isipokuwa kwamba hayupo.

* * *

Baada ya kipindi Mwalimu Kaduma alimwita ofisini, akafunga mlango, akaketi juu ya meza badala ya kiti. Wanafunzi walijua akiketi mezani kuna jambo.

"Unamfahamu mtu anaitwa Zakayo Mwalongo?"

"Hapana."

"Ni Mbena mwenzako. Fundi wa pampu za hewa, kambi ya Barafu Nyekundu. Mwezi uliopita mke wake, Edina, alianguka shambani akivuna viazi. Moyo. Wakazika bila yeye. Aliona mazishi kwenye skrini, tena yakiwa yameshakwisha. Tangu siku hiyo amejifungia chumbani. Hasemi. Chakula wanakipitisha kwenye kidirisha, kinarudi kama kilivyokwenda."

"Hamkumpelekea mnasihi?"

"Tulimpelekea kivuli cha Festo." Kaduma akasugua uso. "Mwalongo akakitazama, akakiuliza, leo umekula nini? Kivuli kikajibu, ugali na dagaa. Akavua buti akakirushia."

Lusungu alibana midomo ili asicheke, na hapohapo macho yakamjaa machozi.

"Halafu akasema maneno mawili, na hayo ndiyo ya mwisho," mwalimu akaendelea. "Leteni mtu."

"Na sasa?"

"Sasa mkuu wa kambi, Bi Naserian, anasema kesho anamlaza."

Lusungu alijua maana yake. Kumlaza mtu ni kumtia ubaridi mpaka damu isimame, kumfunga ndani ya sanduku la kioo na kumrudisha duniani pamoja na mizigo. Safari ni ya miezi mingi. Wengine wanaamka wazima. Wengine wanaamka wakiuliza majina yao, na wapo wasioamka.

"Haki ya kumkatalia Naserian sina," Kaduma akasema. "Mtu asiyekula kwa hiari yake ndani ya kambi ile ni hatari kwa wote. Naomba uende wewe. Unajua lugha yake, unajua kwao wanafanyaje msibani. Kivuli chako kiko tayari, kinakusubiri ukubali tu."

Lusungu alitazama dirishani. Juu ya kilima cha chuo dishi kubwa lilikuwa limegeuzia uso wake anga jeupe la asubuhi, mahali ambapo jicho halioni kitu chochote. Na hapo ndipo Mirihi ilipokuwa, nyuma ya mwanga wa mchana, na ndani yake chumba kidogo, na ndani ya chumba mtu. Kwa mara ya kwanza alilielewa jambo hilo kwa mwili mzima.

"Kivuli hapana," akasema. "Nitakwenda mimi."

"Kwa mawimbi?"

"Kama mawimbi ndiyo njia iliyopo, basi. Lakini mimi. Nikichelewa kufika, nichelewe. Hata kwa miguu watu wanachelewa."

* * *

Chumba cha mawimbi kilikuwa chini ya dishi, kimeezekwa kwa mabati ya kawaida. Fundi wake aliitwa Skola Mtweve, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye alikuwa akivaa koti la baridi hata ndani. Alitoa kiti. Lusungu akakisogeza pembeni, akatandika mkeka sakafuni mbele ya kamera, akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaketi na miguu ameinyoosha.

"Haya makubwa," Skola akasema. "Nishushe kamera?"

"Ishushe."

Taa ikawaka. Lusungu akatazama kioo cha kamera, kidogo kama kifungo cha shati.

"Kamwene," akasema kwa Kibena, na akasalimu kama wanavyosalimu kwao, taratibu, habari za hapa, habari za watu wote. Kisha akasema, "Pole, kaka Zakayo. Pole sana. Nimekuja kukaa."

Akanyamaza.

Mnasihi yeyote aliyefundishwa na Kaduma angeshangaa. Kitabu cha chuo kinataka maswali yaliyo wazi, kinataka urudie maneno ya mtu ili ajue umemsikia. Lakini Lusungu alikuwa amekulia kwa shangazi aliyekuwa akiitwa kila penye msiba, na alimwona shangazi yule akiingia, akisema pole, na kukaa mpaka jua linashuka bila neno la ziada. Na waliofiwa walikuwa wakimtaka yeye kabla ya mchungaji.

Alikaa. Miguu ikafa ganzi, akaibadilisha. Aliwaza juu ya maneno yake yanayokwenda, kamwene ikiwa mbele, pole ikiifuata, na nyuma yake kimya hiki kirefu, vyote vikipita mahali pasipo na hewa wala udongo, na hakuna wa kuvisikia njiani.

Baada ya zaidi ya nusu saa jibu lilifika. Haikuwa sura ya Zakayo. Ilikuwa sura ya Bi Naserian, mwembamba, kichwa kimenyolewa, na hasira zake hazikuwa zimepungua njiani.

"Njombe, mnanichezea? Mnasihi wenu ameingia, amesema habari, amesema pole, ametoweka! Kama mtu aliyekosea mlango. Mwalongo alikuwa amegeuka kumwangalia, mnaelewa? Amegeuka kwa mara ya kwanza. Sasa amejifunika blanketi mpaka kichwani. Sisubiri kesho. Namlaza leo jioni."

Picha ikakatika. Lusungu akamgeukia Skola.

"Sijatoweka. Nipo. Skola, mimi nipo!"

Skola alikuwa ameshainamia mtambo. Alibonyeza huku na huku, kisha akapiga paji la uso wake kwa kiganja.

"Kimeliwa."

"Nini kimeliwa?"

"Kimya chako. Njia ya kwenda Mirihi ni nyembamba, inabeba kila kitu, ramani, barua, maagizo ya pampu. Mtambo ukiona mtu hasemi, unahesabu kwamba hakuna kitu, unakata. Zimefika salamu na pole, basi. Vingine vyote mtambo umetupa, halafu ukawaandikia kule, kikao kimekwisha." Akamtazama. "Dada, tangu nianze kazi hapa hakuna mnasihi aliyewahi kunyamaza. Nisingejua."

* * *

Kaduma alikuja mbio, na Festo nyuma yake.

"Unaweza kuzuia usikate?" mwalimu akamuuliza Skola.

"Naweza. Lakini ukituma kimya chote, na picha yake, njia inajaa. Barua za leo hazitapita."

Wote walijua barua za leo ni zipi. Mara moja kwa juma, watu mia tatu wa Barafu Nyekundu walipata sauti na picha za nyumbani. Na wiki ijayo jua lingekaa katikati ya dunia na Mirihi na kuziba njia kwa siku nyingi. Asiyepata leo, angesubiri sana.

"Hapana," Kaduma akasema. "Barua zile ndizo zinawaweka sawa. Siwezi kuwanyima watu mia tatu sauti za watoto wao ili mmoja akutazame umekaa."

"Jamani, hili ni jambo dogo," Festo akasema. Hakuwa mtu mbaya, na safari hii hakuwa anatania. "Kivuli cha Lusungu kiko kulekule kambini. Hakihitaji njia. Kiambieni kikae sakafuni, kinyamaze. Kinaweza kunyamaza mpaka Pasaka. Picha ni ileile, mkeka uleule. Hata wewe ukijiangalia hutajua yupi ni yupi."

Hata Skola alitikisa kichwa kukubali.

Lusungu akautazama mkeka wake. Kwa maneno, ndiyo, kivuli kingeongopa, kingesema kimekula dagaa. Lakini kimya kinaongopa nini? Picha ambayo Zakayo angeiona ingekuwa imechelewa kwa robo saa hata kama ni yeye mwenyewe. Angeweza kufa hapo mkekani na Zakayo akaendelea kumwona mzima. Basi tofauti iko wapi? Aliogopa kwamba labda hakuna, na kwamba alichokuwa akikiringia tangu asubuhi ni kiburi tu, huku mtu anaandaliwa sanduku.

Akamfikiria shangazi. Akamwona akiingia kwenye nyumba ya msiba na matope ya shambani bado kwenye miguu. Na akaona jambo ambalo alikuwa akiliangalia utoto mzima bila kulijua.

"Kivuli hakijaacha kitu," akasema.

"Unasemaje?"

"Ukifiwa, mtu anakuja kukaa, unajua ana shamba. Unajua ana ng'ombe hawajakamuliwa. Anakaa, na vitu vyake vinaharibika, na wewe unaona. Ndiyo pole yenyewe hiyo. Kivuli kikikaa, hakuna kinachoharibika popote. Kimekaa kwa sababu hakina pa kwenda."

Kaduma akauliza, "Na barua za watu?"

"Hapo ndipo nimekwama, mwalimu. Naweza kuacha shamba langu. Siwezi kuacha shamba la mtu mwingine. Waulizwe. Wote. Wakikataa, nitanyamaza hapahapa, mtambo ukile kimya changu unavyotaka, na yeye alazwe. Lakini kivuli changu kisiwashwe."

Mwalimu akageukia kipaza sauti cha ukutani. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, lakini alipoongea na kambi aliongea polepole, akaeleza yote, hata lile la buti, hata kosa la mtambo. Kisha wakasubiri. Skola akachemsha chai. Hakuna aliyeinywa.

Jibu lilipokuja, uso wa Bi Naserian ulikuwa umebadilika.

"Nimewauliza kwenye spika," akasema. "Kuna kijana wa karakana anaitwa Lemeki. Mtoto wake amezaliwa juzi, picha ilikuwa ifike leo. Nilitaka yeye ndiye akatae, ili nipate sababu. Amekuwa wa kwanza kusema ndiyo. Waliobaki wamefuata. Wapo waliolia, siwafichi. Lakini wamesema, mwacheni akae." Akajikohoza. "Sanduku nimelisimamisha mpaka nione. Kaa, dada."

* * *

Safari hii Skola alizima kikatio kwa mkono wake, akarudi nyuma, akajibanza ukutani kama mtu aliyeko kanisani.

Lusungu alisalimu upya. Alimweleza Zakayo kwa maneno machache kwamba hakuondoka, ni mtambo uliomfukuza. Akasema pole. Akanyamaza.

Na mvua ikaanza.

Mvua ya Njombe haibishi hodi. Ilimwagika juu ya mabati kwa kishindo, chumba kizima kikajaa mngurumo, na Skola akakimbilia vitufe kupunguza sauti. Mkono wake ukasimama hewani. Kwenye kioo cha mtambo, mstari unaoonyesha kinachotumwa, ambao kwa kawaida ulikuwa ukiruka na kulala, ulikuwa umejaa kutoka ncha hadi ncha.

"Inakwenda," Skola akanong'ona. "Mama yangu. Mvua inakwenda Mirihi."

Lusungu akasikia ngozi ikimsisimka kuanzia mgongoni hadi kwenye vidole. Mvua ile ilikuwa ikipanda. Ilianguka juu ya bati, ikaingia kwenye waya, ikatoka kwenye dishi kwenda kwenye weusi usio na mwisho, kuelekea ardhi ambayo tangu iumbwe, kwa umri ambao akili haiushiki, haijawahi kusikia mvua ikigonga paa. Na mbele ya mvua hiyo alikwenda yeye, mtoto wa watu, ameketi juu ya mkeka na kanga yake. Hakujiona mkubwa. Alijiona mdogo kuliko alivyowahi kujiona, na udogo huo haukumwogopesha.

Mvua ilinyesha, ikapungua, ikabaki kudondoka tu kwenye michirizi. Tumbo lake likanguruma, likaenda nalo. Akapiga chafya. Jogoo wa mlinzi akawika wakati si wake.

Kisha skrini ya ukutani ikawaka, na picha za kambi zikaanza kuingia, kila moja ikiwa na umri wa robo saa.

Kwanza waliona korido, si chumba. Korido ndefu ya bati na mabomba, na watu. Bi Naserian alikuwa amefungulia sauti spika zote. Watu waliovaa sare za kazi walikuwa wamesimama, nyuso juu, vinywa wazi, wakisikiliza. Mzee mmoja mwenye mvi alikuwa amenyoosha kiganja chake kama anakinga maji. Kisha, bila mtu kuamrisha, mwanamke mmoja akaketi sakafuni, akanyoosha miguu. Wa pili akaketi pembeni yake. Wakaketi wanaume upande wa pili, kofia mikononi. Mwezi mzima walikuwa wakipita mlango wa Mwalongo wakisema hiyo ni kazi ya wanasihi. Sasa walikuwa wamejaa mbele yake mpaka kwenye kona, na Lusungu alishindwa kuona mwisho wao.

Picha ikahamia chumbani. Blanketi lilikuwa bado limefunika kichwa. Likasogea. Mkono ukatoka, ukalishusha, na Zakayo Mwalongo akaonekana, ndevu zimeota ovyo, macho yamezama. Aliitazama skrini yake. Alisikiliza. Alikaa kitandani hivyo kwa muda mrefu, mikono magotini, akimwangalia Lusungu ambaye hakuwa akifanya chochote.

Halafu akainuka, akiyumba, akafungua mlango.

Alisimama kizingitini akiwatazama mmoja mmoja, na uso wake ukakunjika, ukaachia, na machozi yakashuka kwenye ndevu. Alipoanza kuongea sauti ilikuwa ikikwaruza kama mlango wa ghala.

"Aliamka vizuri," akasema. "Ndivyo walivyoniambia. Aliamka vizuri, akachemsha uji, akamwambia dada yake leo tumalize lile tuta la juu..."

Lusungu akafunga macho, akayafungua. Mfiwa alikuwa anawaeleza wageni ilivyokuwa. Ndivyo inavyotakiwa. Mtu asiyeongea mwezi mzima alikuwa anaeleza msiba wake, na watu walikuwa wakiitikia, ehe, pole, ehe.

Katikati ya maelezo Zakayo akakatisha. Aligeuka, akarudi chumbani, akaja moja kwa moja mbele ya skrini mpaka uso wake ukajaa. Skola akashika mdomo. Walidhani anaizima. Picha ikatikisika, dari ikapita, mabomba yakapita, kisha kila kitu kikatulia, na Lusungu akajikuta anatazama magoti na nyayo za watu. Zakayo alikuwa ameing'oa skrini ukutani pamoja na kamera yake, ameileta koridoni, ameiweka chini sakafuni, upande wa wanawake.

"Mpisheni mgeni akae," alisikika akisema. "Ametoka mbali."

Mwanamke aliyekuwa karibu, mwenye mafuta ya mashine hadi kwenye viwiko, akavuta miguu yake na kujisogeza, ili skrini ipate nafasi katikati yao. Mlangoni nyuma ya Lusungu, Mwalimu Kaduma alikuwa amevua viatu bila kujua kwamba amevivua.

Lusungu alijua kwamba mwanamke yule alikwisha kujisogeza robo saa iliyopita. Hata hivyo, kule Njombe, juu ya mkeka usiokuwa na mtu mwingine yeyote, alikusanya kanga yake, akajisogeza kidogo naye, akampisha.